Leo Nani Yuko Chini

Juzi nilikwenda Inde kutazama mashine ikichimba maji. Aliyenichukua ni Ayikoru, binti wa jirani yangu hapa Arua, ambaye amepewa kikosi chake cha kwanza kukiongoza. Alijua napenda kutazama. Nilisimama pembeni ya mashine ile nikauliza maswali mpaka mafundi wakaanza kucheka. Tope hili jeupe linatoka kwenye jiwe la namna gani? Mbona chuma kinabadilisha sauti kikienda chini? Nani anajua wakati wa kusimama? Fundi mmoja akaniambia, "Mzee, wewe unauliza kama mtu anayetafuta kazi." Nikamjibu kwamba kazi nimeshaimaliza, sasa natafuta majibu.

Lakini nilichokitazama zaidi siku ile haikuwa mashine. Ilikuwa simu ya Ayikoru. Ofisi ya Arua inataka picha. Mwenyekiti wa kijiji anataka kujua wageni watakaa wapi. Kuna mtu ana mtoto wa dada yake, anamtafutia kazi. Kuna kundi la wafanyakazi kwenye simu ambako watu hutakiana asubuhi njema mpaka saa sita. Kila simu ilipolia, Ayikoru aligeuka. Alikuwa akigeuka kwa adabu, akijibu vizuri, akirudi kwenye mashine, na kabla hajafika anaitwa tena.

"Mzee," aliniambia tulipokaa kula enyasa, ugali wetu wa muhogo, na samaki mkavu pale sokoni, "nafika jioni mwili umekwisha. Ukiniuliza leo nimefanya nini, sina la kukuambia. Nimekimbia huku na huku tu. Ninyi zamani mlifanyaje?"

Sikumjibu pale, maana mdomo ulikuwa umejaa, na pia sikuwa na jibu fupi. Naliandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine ambao mmepewa watu wa kuongoza na simu ya kuwasumbua.

Mimi ni Musa. Nilichimba visima vya mkono kutoka Vurra mpaka Koboko, kwanza nikiwa mchimbaji, halafu mvuta kamba, mwisho foman, yaani msimamizi wa kikosi. Kwa mliozaliwa na mashine: kisima cha mkono huchimbwa na mtu mmoja aliye chini, kwa sululu fupi na koleo. Anajaza ndoo, wawili walio juu wanaivuta kwa winchi. Pete za zege zinashushwa moja juu ya nyingine ili udongo usimwangukie. Foman anakaa mdomoni pa kisima. Ukimwona kwa mbali utadhani hana kazi.

Foman aliyenifundisha alikuwa Lomoro, Mkakwa wa Koboko. Alikuwa mtoto wa askari aliyekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, hakina mapambo. Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya salamu, aliuliza swali moja.

"Leo nani iko chini?"

Tukamwambia, labda, "Leo ni Musa."

"Musa iko chini. Basi."

Akachukua kigoda chake, akakiweka mdomoni pa kisima, akakaa ameipa barabara mgongo. Siku ya kwanza nilidhani anauliza kwa sababu kasahau aliyempanga. Siku ya pili nilidhani ni uzee. Baadaye nikaanza kumchunguza, maana mimi ni mtu wa kutaka kujua, na yule mzee alikuwa fumbo langu. Watu walikuja wakamsemesha mchana kutwa, naye aliwajibu wote, akawatania, akawauliza habari za ng'ombe wao, lakini hakugeuka. Siku moja alikuja ofisa wa kata, mtu aliyezoea kuinukiwa. Lomoro alimkaribisha kwa furaha nyingi, huku anatazama kamba.

"Karibu sana, mzee! Nyumbani iko salama? Mimi nakusalimia na mugongo. Macho iko kazini."

Yule ofisa alisimama pale akiutazama ule mgongo, hajui kama ametukanwa au amesalimiwa. Mwishowe akazunguka upande wa pili wa kisima ili aonekane. Nilicheka mpaka nikakosea kushika winchi, na Lomoro akanikemea mimi, si ofisa.

Mke wake, Mama Hawa, alitueleza kwamba hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. Akiota moto anaupa mlango mgongo. "Wageni wanasalimia shati yake," alisema. Kwa hiyo msidhani nawapa mtu mkamilifu wa kuigwa.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Nikiwa kwenye winchi niliona mijusi inakuja kulamba grisi ya roda, nikataka kujua kwa nini grisi ile na si nyingine. Nikasikia pikipiki barabarani, nikataka kujua imebeba nini. Lomoro hakuhitaji kugeuka ili ajue akili yangu imeondoka, aliijua kwa mwendo wa kamba.

"Musa! Kichwa yako iko kama redio haina mwenyewe. Kila stesheni inaingia."

Nikamuuliza, wakati wa chai, "Lakini Foman, hao wanaokuja wote wana shida ya kweli. Huyu anataka kujua njia ya kupitisha ng'ombe, huyu ameleta habari ya simenti. Unajuaje kwamba la kamba ni kubwa kuliko lao?"

"Mimi sikatai, shida yao iko kubwa," alisema. "Mimi nauliza hivi: nikichelewa, nani nakufa? Kama hapana mutu, basi inaweza kungoja chai."

Na kweli, wakati wa chai, wakati hakuna mtu chini, sijapata kuona msikilizaji kama yeye. Aliwageukia watu mwili mzima. Alikaa na yule wa ng'ombe mpaka wakachora njia kwa kijiti chini. Kwa muda mrefu niliamini kwamba siri yake ni kuwafungia watu mlango. Sivyo. Alijua saa ya kufunga na saa ya kufungua, na hakuzichanganya.

Kitu kingine nilikigundua kwa kumvizia. Alikuwa hakai pale kutwa nzima. Macho yakimchoka alimwita mtu, akampa kigoda, akamwambia, "Sasa wewe iko foman," kisha akaondoka kabisa, akaenda kulala chini ya lori. Hakuchungulia. Mimi nilipokuwa foman nilijaribu kukaa asubuhi mpaka jioni, nikaona mchana kamba inakuwa kamba tu, naitazama na siioni. Jaribuni wenyewe mtaona. Mikono ikichoka inakuambia, lakini macho yakichoka hayasemi kitu.

Lomoro alipoacha kazi akarudi kulima Koboko, wakanipa mimi kikosi. Nilijijua kwamba mgongo kama wake sina. Mtu akiniita nageuka, nimezaliwa hivyo. Basi nikatafuta njia yangu. Nilikuwa na kijana anaitwa Duku, msemaji hodari, anayeweza kuongea na jiwe likacheka. Kwenye winchi hakuwa na faida, maana aliacha mkono ili aeleze jambo. Nikamtoa kwenye winchi nikampa barabara. Yeyote anayekuja, awe mwenyekiti, mchungaji, shehe, au mwuza maandazi, anaanzia kwa Duku. Na simu yangu anakaa nayo Duku. Watu waliniambia nimempa cheo mtu mvivu. Lakini Duku alifanya kazi kubwa. Alinirudishia macho yangu.

Sasa niwape ile ya shule.

Tulikuwa tunachimba kisima kwenye shule ya msingi upande wa Koboko. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati mzuri wa kumalizia, kwa sababu maji utakayoyapata kiangazi hayatakukimbia. Aliyekuwa chini ni Candia, mtu wa Adumi, mrefu na mwembamba kama mpini, mchimbaji bora niliyefanya naye kazi. Candia alichimba akiimba. Alitunga mwenyewe nyimbo za kutusengenya sisi wa juu: foman anakula nyama, Candia anakula udongo; foman ana kivuli, Candia ana kaburi lenye ngazi. Tulizizoea. Mimi nilizipenda kwa sababu nyingine pia. Wimbo ukienda vizuri, najua pumzi inakwenda vizuri.

Maji yalikuwa yameanza kuonekana. Ilibaki kumalizia pete ya mwisho, ambayo ilikuwa imekaa upande, na ilibidi tuinyooshe siku ileile kwa kuchimba chini yake. Tungeiacha mpaka kesho, udongo ungeishika na kisima kingepinda. Asubuhi hiyo ndipo mwenyekiti wa kijiji akaja mbio. Mgeni mkubwa aliyetakiwa kuja wiki ijayo kufungua kisima anakuja leo, saa yoyote.

"Foman, simamisha kazi tupange viti," alisema.

"Mwenyekiti, pete ikilala vile, mgeni atafungua kisima kilichopinda. Panga viti, sisi tunaendelea. Mambo ya mgeni zungumza na Duku."

Akaenda kwa Duku, na shughuli ikaanza. Wakaleta turubai. Wakaleta spika ndefu kama kabati na kijana wa muziki. Nilimwambia mimi mwenyewe, kabla Candia hajashuka, kwamba jenereta yake aiweke kule nyuma ya madarasa, mbali. Akaitikia. Candia akajifunga mkanda wa kifuani wenye kamba ya usalama, akalalamika kama kila siku kwamba mkanda unamchemsha, nami nikamwambia kama kila siku kwamba bila mkanda hashuki. Akashuka akiimba juu ya foman mwenye roho ya mkanda.

Kisha muziki ukaanza.

Nilipiga kelele wapunguze. Kijana wa spika akaniinulia dole gumba, akaongeza. Wimbo wa Candia ukapotea, sikuusikia tena. Nikamwambia Duku akamwombe. Duku akaenda, akarudi na mwenyekiti, na mwenyekiti akaniambia mgeni hawezi kupokelewa kwa kimya kama msiba. Wakati huohuo simu mikononi mwa Duku ikalia. Ilikuwa dereva wa lori la simenti, yuko Vurra, ambako tulikuwa tunaanza kisima kingine. Sauti yake ilikuwa ya upande wa Kongo, na Duku alinirudishia maneno yake kwa kupayuka juu ya muziki:

"Anasema, Foman, nishushe simenti fasi gani? Mutu wa fungulo ya stoo haiko! Na mvua inakuja!"

Vijana, nataka mkae hapo na mimi kidogo. Simenti ni mali, na mvua ya kwanza ya mwaka haicheleweshwi na mtu. Mwenyekiti ana haki, kijiji chake kinapata mgeni mara moja. Duku anangoja jibu. Mwili wangu wote ulitaka kugeuka. Nikajiuliza lile swali la Lomoro, nalo si swali gumu, jibu lake lilikuwa lile lile la asubuhi: Candia. Nikamwambia Duku, "Simjibu. Mwambie angoje." Nikashika kamba ya ndoo kwa mkono wangu, maana sikio lilikuwa halina kazi tena.

Ndoo ikapanda imejaa. Ikashuka. Ikapanda tena, ikafika imejaa nusu. Nikasema labda amegonga jiwe. Ikashuka, ikakaa muda, nikaona inatikiswa kama anavyofanya akimaliza, lakini taratibu, kama mtu anayetikisa mti ili asiangushe embe. Tukaivuta. Ikaja tupu. Ndani yake kulikuwa na kiatu chake kimoja.

Nilikitazama kile kiatu. Hata leo nashangaa jinsi akili inavyofanya kazi. Kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba ananitania. Kisha nikaita. "Candia!" Nikainama mdomoni nikaita tena. Muziki ulikuwa unapiga, sikujua kama amenijibu au la.

"Duku! Kazime ile kelele! Izime, usiombe!"

Duku akatupa simu kwenye kiti akakimbia. Wale wawili wa winchi wakawa wamekwisha kuona. Mmoja akaanza kuvua shati. "Nashuka, Foman."

"Hakuna anayeshuka."

"Foman, Candia anakufa!"

"Na wewe utakufa juu yake. Shika winchi!"

Hilo ndilo neno gumu kuliko yote niliyopata kusema kazini. Nawaambia kwa sababu baadhi yenu mtalisema. Mtu akianguka kisimani bila kupigwa na kitu, ujue hewa ya humo ni mbaya, na atakayemfuata atalala palepale. Candia alikuwa na mkanda. Njia yake ya kutoka ilikuwa ile kamba ya mkanda, si mtu mwingine.

Tukaipitisha kwenye winchi, tukaanza kuvuta. Mtu aliyelegea ni mzito kuliko mtu mwenyewe. Bega lake lilikwama kwenye ile pete iliyokaa upande, ikabidi tumrudishe chini kidogo na kumvuta tena, na winchi peke yake ilikuwa haitoshi. Nikaachia mdomo wa kisima nikashika kamba kwa nyuma. Hapo muziki ukakatika. Nikasikia Duku anapiga kelele, "Jenereta iko hapa! Iko hapa nyuma ya kifusi!" Waya wake haukufika kwenye madarasa, wakaisogeza bila kuniambia, wakaificha nyuma ya ule mlima wa udongo tuliotoa kisimani, ambako upepo ulikuwa unausukuma moshi moja kwa moja ndani ya kisima. Spika ilifunika sauti yake.

Na katika kimya kile magari yakafika.

Nilisikia milango inafungwa, nikasikia watu wanapiga makofi, halafu makofi yanasita. Kisha pembeni yangu ukatokea mkono, safi, wenye saa, umenyooshwa kunisalimia. Nilipoinua macho nikamwona mtu mnene mwenye suti, anatabasamu tabasamu la picha.

Mikono yangu yote ilikuwa na kamba. Nikasema, "Mheshimiwa, shika kamba."

Alinitazama. Akatazama kamba, na mahali inapoelekea. Sijui aliona nini, lakini tabasamu likaondoka, akashika. Nyuma yake dereva wake akashika, na mwenyekiti akashika. Na yule mgeni, kumbe naye, kama Lomoro, ni mtoto wa kambi ya Koboko, sauti ikamtoka ambayo si ya hotuba:

"Moja! Vuta! Moja! Vuta! Hapana kulala hapo nyuma!"

Candia akatoka kichwa kimeinama kifuani, mdomo mwekundu kama mtu aliyekula beri. Tukamlaza ubavu mbali na kisima. Nikaweka sikio. Pumzi ilikuwapo, ndogo. Tukampepea kwa turubai la wageni. Mgeni alipiga magoti kwenye tope lile na suti yake, amemshika kichwa, anamwita, "Kijana. Kijana. Kijana." Candia akatapika kwenye mkono wa koti. Nikaona mgeni anacheka na machozi yanamtoka, naye anasema, "Vizuri. Tapika yote."

Walimpeleka hospitali kwa gari la mgeni mwenyewe. Viti vilibaki mistari mistari, havina mtu.

Nilipokwenda kumwona Candia siku zilizofuata, alikuwa ameketi kitandani, kichwa bado kinamgonga, lakini maneno yake yamerudi. Mimi, kama mnavyonijua sasa, nilitaka kujua. Nikamuuliza ilikuwaje kule chini. Alihisi nini? Kwa nini hakuvuta kamba kuomba kutolewa?

"Kutoka kwa nini? Kazi ilikuwa inakwenda vizuri," alisema. "Ila niliwashangaa ninyi. Mlikuwa hamvuti ndoo. Mimi nimejaza, nimejaza."

"Candia, ulileta kiatu."

"Kiatu gani?" Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Foman, mimi nilikuwa naimba. Nilijisikia mwenyewe kwa masikio yangu. Nilikuwa naimba mpaka mwisho."

Niliondoka pale nimeyabeba maneno hayo, na sijayashusha. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba mtu akizidiwa ataniita, kwamba kazi yangu ni kusubiri wito na kuukimbilia. Kumbe mtu anaweza kuzama huku anaona anaimba. Tangu siku hiyo, nikiwa na mtu mahali asipoonekana, singoji aniambie yuko vipi. Naenda kutafuta kwa mkono, kwa ndoo, kwa chochote.

Nikaenda pia kuwauliza wengine, mmoja mmoja, si kwa kesi, kwa kutaka kujua. Kijana wa spika aliniambia alikuwa anahakikisha muziki haukatiki mgeni akishuka garini, na waya ulikuwa mfupi. Mwenyekiti alikuwa anapigania kivuli cha mgeni. Dereva wa Vurra alikuwa anapigania simenti. Nilitafuta mvivu siku ile nikamkosa. Kila mtu alikuwa anatazama kazi yake kwa bidii, na kwa bidii hiyo hiyo Candia alikaribia kufa. Kiongozi mzuri nilidhani ni anayewafanya watu wote wachape kazi. Sasa sina hakika. Labda ni yule anayehakikisha wote wanajua nani yuko chini.

Ofisi ya Arua iliniita. Injinia wetu, Madam Draru, alikuwa na malalamiko mezani. Hayakutoka kwa mgeni, yalitoka kwa waliokuja naye, kwamba foman alimkosea heshima mbele ya raia.

"Wanasema alikupa mkono," alisema Madam. "Wewe ulimpa nini?"

"Nilimpa kamba, Madam."

Akageukia dirishani, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Alipogeuka alikuwa amekwisha kujikaza. "Na simenti ya Vurra?"

Nikamweleza ilivyokuwa. Dereva alipiga simu mpaka akachoka, simu inalia kwenye kiti peke yake. Akashusha mifuko yote kando ya barabara, akafunika kwa majani, na mvua ikanyesha. Madam hakunifokea. Alisema tu, "Umechagua vizuri. Sasa nenda ukaone ulichokiacha. Kisha urudi, utakaa stoo mpaka haya maneno yapoe."

Nikaenda Vurra. Malori yamepanga foleni kwenye forodha ya mpaka wa Kongo, na pale kando, mifuko yetu imeganda kila mmoja na umbo lake, na alama za mishono bado zinaonekana kwenye jiwe. Mama mmoja muuza chai alikuwa ameuvuta mmoja, ameufanya kiti cha wateja. Akanikaribisha. "Kaa, baba. Hii kiti haivunjike." Nikakaa juu ya simenti yangu nikanywa chai. Nilisikitika, kwa sababu ilikuwa hasara ya kweli na kisima cha Vurra kilichelewa, na wanawake wa pale waliendelea kuteka maji mbali kwa sababu ya uamuzi wangu. Nasema hivyo ili msidanganywe na mtu anayewaambia kwamba ukitazama lililo kubwa mengine yatajipanga yenyewe. Hayajipangi. Yanaganda. Niliporudi nilimwomba Madam mtu wa pili kama Duku, akakubali.

Nilikaa stoo Arua nikitoa sululu na kupokea sululu. Kisima cha shule kilibaki vile vile, na ile pete ilishikwa kweli, upande. Wakapeleka foman mwingine, mtu mzuri, simlaumu. Candia alikuwa amepona, akaja kazini, akafika mdomoni pa kisima, akajifunga mkanda vizuri, akakaa pale ukingoni, asishuke. Hakukataa kwa maneno. Walipomuuliza akasema anamngoja Musa. Kesho yake pia akajifunga mkanda, akakaa. Madam akanirudisha.

Asubuhi tuliyoanza upya hapakuwa na turubai wala mgeni. Mwenyekiti alikuwa amezungushia kisima kamba ya katani, akasimama hapo yeye mwenyewe na fimbo, anarudisha hata mbuzi. Tuliyumbisha matawi ya majani ndani ya kisima ili hewa izunguke. Tukashusha taa ya moto, ikakaa chini ikiwaka, maana yake hewa ipo, tukaipandisha, tukaishusha tena kwa sababu Candia aliomba tuishushe tena. Nikaangalia mkanda wake. Akauangalia mwenyewe. Akaingiza miguu, akashika ukingo, akanitazama.

"Foman, utakuwa hapa?"

"Nitakuwa hapa."

Akashuka. Hakuimba. Tulisikia sululu ikigonga, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Kisha sululu ikasimama.

"Foman! Uko?"

"Niko."

Ikagonga tena. Ndoo ikajaa, ikapanda, ikashuka.

"Foman! Uko?"

"Niko, Candia."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Duku alikuwa barabarani na simu yangu, na nilisikia inalia, nikasikia anajibu, na kuna mtu alifika na pikipiki akakaa muda akaondoka, sijui hadi leo alikuwa nani. Jua likanizunguka likanipiga upande wa pili. Pete ikaanza kunyooka. Maji yakaanza kuja kwenye ndoo, kwanza tope, halafu yenye rangi ya chai. Na kila baada ya ndoo chache, kutoka kule chini, sauti yake ikapanda kuuliza kama nipo. Sikufanya jambo jingine lolote siku ile. Aliniuliza, nikamjibu.